Kushushwa na Kujishusha: Unyenyekevu na Ukuu katika Masimulizi ya Maisha ya Adriano Atiman wa Karema

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya unyenyekevu katika masimulizi ya maisha ya Adriano Atiman, mganga na katekista wa misheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Katavi wa leo. Atiman alikuwa mtumwa kabla hajawa mtumishi. Kwa sababu hiyo maisha yake yanayaweka kwenye mizani mafundisho ya Kikristo yanayomtaka mkubwa awe mtumwa wa wote. Kwa kuchunguza maumbo ya maneno mtumwa, mtumishi, kunyenyekea na kujishusha, na kwa kuilinganisha tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1946 na maandishi ya Tippu Tip, James Mbotela na Shaaban Robert, makala yanatetea hoja kwamba unyenyekevu hauwezi kutajwa kwa haki pale ambapo tofauti kati ya kushushwa na kujishusha imefutwa. Wasifu unaoandikwa na wengine huelekea kuifuta tofauti hiyo, ilhali tawasifu huirudisha.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, afisa wa Kibelgiji aliyetumwa na jumuiya iliyoasisiwa na Mfalme Leopold wa Pili, alifungua kituo huko Karema, mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao waumini wengi wa Tanzania wamezoea kuwaita Mapadri Weupe. Kituo cha wasafiri kikageuka kijiji cha Wakristo, na miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo walikuwamo watu waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Hapo ndipo alipofika, mwaka 1889, kijana Mwafrika aliyezaliwa mbali sana na ziwa hilo, katika nchi ya Mto Niger karibu na Timbuktu. Alikuwa ametekwa utotoni, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na wamisionari nchini Algeria, kisha akasomeshwa uganga kisiwani Malta. Jina lake Adriano Atiman. Aliishi na kufanya kazi Karema hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa takriban miaka 67.

Maisha kama haya huvutia sifa, na sifa inayorudiwa kuliko zote ni unyenyekevu. Mtu mwenye elimu ya tiba iliyopatikana Ulaya, wakati ambapo elimu hiyo ilikuwa adimu katika bara zima, anakubali kukaa kijijini hadi uzee, akitibu wagonjwa na kufundisha katekisimu. Mhubiri akitafuta mfano wa ukuu wa kweli hana haja ya kwenda mbali. Hata hivyo, mhakiki hana budi kusita kidogo kabla ya kuitikia. Je, tunaweza kumsifu mtu kwa kujishusha ilhali alikuwa amekwisha kushushwa na wengine hadi chini kabisa, hadi kuuzwa? Na anayemsifu hivyo anasifu nini hasa: fadhila ya mtu huyo, au mpangilio wa jamii uliomweka pale alipo?

Swali hili si la teolojia peke yake. Ni swali la lugha, kwa kuwa Kiswahili kina njia zake za kutenganisha anayetenda na anayetendwa. Ni swali la fasihi pia, kwa kuwa maisha ya Atiman yametufikia kwa njia mbili zisizolingana: tawasifu yake mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na maandishi ya wengine juu yake. Kwa kuwa jarida hilo lilikuwa la Kiingereza, makala haya hayataegemeza hoja kwenye neno moja moja la matini iliyochapishwa. Yataegemea mpangilio wa masimulizi, nafasi ya msimulizi, na msamiati wa Kiswahili ambao ndio jamii ya Karema na Mpanda huutumia kanisani na nje ya kanisa kuzungumzia mambo haya.

2.0 Mzizi -tum- na Swali la Nani Anatenda

Maneno matatu yanayobeba uzito mkubwa katika Ukristo wa Kiswahili yanatoka katika mzizi mmoja: mtume, mtumwa na mtumishi. Yote yanatokana na kitenzi tuma, lakini kila moja limepitia njia yake. Mtume limeundwa kwa kiishio -e, kama mteule kutoka teua na kiumbe kutoka umba. Ni aliyetumwa, na heshima yake inatoka kwa aliyemtuma. Mtumwa limejengwa juu ya kauli ya kutendwa, tumwa. Naye ni aliyetumwa, lakini hapa hakuna heshima inayomfuata. Kinachobaki ni kutumwa kwenyewe, bila kikomo na bila hiari. Mtumishi linatokana na tumika, ambapo sauti k hugeuka sh mbele ya kiishio -i, kama pika inavyotoa mpishi na andika inavyotoa mwandishi. Tofauti hii ya umbo si ndogo. Katika tumwa daima yuko mwingine anayetuma, hata asipotajwa. Katika tumika tendo linakaa ndani ya mtendaji mwenyewe: anatumika, na lugha haimlazimishi msemaji kuuliza nani amemtumia.

Watafsiri wa Biblia walizitumia nafasi zote mbili. Katika Tafsiri ya Muungano ya 1952, mafundisho ya Yesu kwa wanafunzi waliogombea ukubwa, katika sura ya 10 ya Injili ya Marko, yanapanda kwa daraja mbili: anayetaka kuwa mkubwa anapewa cheo cha mtumishi, na anayetaka kuwa wa kwanza anapewa cheo cha mtumwa. Katika sura ya 2 ya Waraka kwa Wafilipi, Kristo mwenyewe anatajwa kwa neno mtumwa. Kwa msikilizaji wa leo mjini Mpanda tofauti ya maneno hayo inaweza kupita bila kusikika. Mtumwa limekuwa neno la historia na la methali, nalo mtumishi limekuwa cheo: mhubiri huitwa mtumishi wa Mungu, na mwajiriwa wa halmashauri huitwa mtumishi wa umma. Hali haikuwa hivyo kwa kizazi cha kwanza cha Wakristo wa Karema. Kwao mtumwa halikuwa sitiari. Waliketi kanisani watu waliokuwa na alama za kamba na minyororo mwilini au kumbukumbuni, wakaambiwa kwamba ukuu uko katika hali ileile waliyokombolewa kutoka kwake. Hapa ndipo mafundisho ya unyenyekevu yanapokutana na jaribio lake kali zaidi.

Kitenzi nyenyekea nacho kina jambo la kutufundisha. Kina umbo la kauli ya kutendea, kama tumikia na tegemea, ingawa shina lake lisilonyambuliwa halitumiki katika Kiswahili cha leo. Kauli ya kutendea hudai mlengwa. Twaweza kusema mtu ananyenyekea bila kuongeza kitu, lakini kitenzi chenyewe kinaacha nafasi wazi: ananyenyekea nani, au mbele ya nani? Karani humnyenyekea bosi wake, mwombaji humnyenyekea mwenye nacho, na mja humnyenyekea Mola wake. Kimofolojia vitendo hivi vitatu ni kimoja, na kimaadili viko mbali kama mashariki na magharibi. Sifa ya mnyenyekevu, kwa kuwa kiishio -vu hutaja hali ya kudumu, humficha mlengwa huyo. Mvumilivu hatuulizi anavumilia nini, na mnyenyekevu hatuulizi ananyenyekea nani. Mhakiki anapokutana na sifa hiyo katika wasifu ana wajibu wa kukirudia kitenzi na kumtafuta mlengwa aliyefichwa.

Mwisho kuna jozi ya kushushwa na kujishusha. Kiini chake ni kimoja, shusha, lakini katika neno la kwanza mtendaji ni mwingine, na katika la pili kiambishi -ji- humfanya mtu kuwa mtendaji na mtendwa kwa wakati mmoja. Kujishusha kunadai mambo mawili. Kwanza, mtu awe na mahali pa juu pa kushukia. Pili, awe na uwezo wa kutoshuka. Asiye na mahali pa juu hajishushi, amekaa tu pale alipowekwa. Asiye na uwezo wa kukataa hajishushi, anashushwa. Kwa kipimo hiki, swali juu ya Atiman linakuwa wazi zaidi: katika maisha yaliyoanza kwa kutekwa, ni wapi -w- ya kutendwa inakoma na -ji- ya kujirejea inaanza?

3.0 Tawasifu Dhidi ya Wasifu

Mpangilio wa maisha ya Atiman una vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha kutendwa kabisa: mtoto anatekwa, anachukuliwa jangwani, anauzwa, ananunuliwa. Hata ukombozi wake unafanyika kwa kununuliwa, na aliyekombolewa hakuulizwa. Cha pili ni cha shule. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliwapeleka vijana Waafrika waliokombolewa kwenye chuo chake cha Malta, kilichofunguliwa mwaka 1881, ili wawe waganga na makatekista kwa pamoja. Kipindi hiki kina sura mbili. Kijana anapata ujuzi ambao hakuna anayeweza kumnyang'anya tena, lakini ratiba ya maisha yake bado imeandikwa na wengine. Cha tatu ni Karema: ndoa yake na Agnes, mwanamke wa huko, familia, wagonjwa, wakatekumeni, na miaka inayopita utawala wa Wajerumani, vita vikuu viwili na utawala wa Waingereza.

Mwandishi wa wasifu wa kidini huviunganisha vipindi hivi kwa uzi wa majaliwa. Utumwa unakuwa njia ambayo Mungu aliitumia kumfikisha mtumishi wake mahali pake. Tunaliona jambo hili katika kichwa cha kitabu cha Roger Fouquer, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1964, kinachomweka daktari huyu wa Karema katika nyayo za Vincent de Paul. Ulinganisho huo una akili. Kwa mapokeo, Vincent naye alitekwa baharini na kuwa mtumwa huko Tunis kabla ya kuwa baba wa maskini wa Ufaransa, ingawa wanahistoria wengine wameitilia shaka habari hiyo. Hata hivyo ulinganisho huo una gharama. Mwafrika aliyetekwa kweli, na ambaye utumwa wake hauna shaka yoyote, anapimwa kwa nyayo za Mzungu ambaye utumwa wake unabishaniwa. Ukuu wake unathibitishwa kwa kufanana na mwingine. Hivyo hata anapotukuzwa anawekwa nyuma, kwa maana anayefuata nyayo hatangulii.

Tawasifu inavunja mpangilio huo kwa jambo moja rahisi: anayesema ni mimi. Chapisho la 1946 lilitangaza waziwazi kwamba masimulizi hayo ni ya Atiman mwenyewe, na tangazo hilo lina uzito wa kifasihi. Katika mapokeo ya Kikristo kuna shaka ya kale juu ya mtu anayejisimulia, kwa kuwa mnyenyekevu anatarajiwa kunyamaza na kuacha wengine waseme. Kwa mtu aliyewahi kuuzwa, hata hivyo, kunyamaza si fadhila mpya. Ni hali aliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwa kuwa bidhaa haisimulii. Anaposhika kalamu na kusema nilitekwa, kauli ya kutendwa inabaki katika kitenzi, lakini nafsi ya kwanza inasimama mbele yake. Aliyetendwa amekuwa msimulizi wa kutendwa kwake. Haya si majivuno. Ni sharti la lazima ili unyenyekevu wa baadaye uwe na maana, kwa sababu anapatikana mtu ambaye anaweza kujishusha.

Marcia Wright, katika kitabu chake Strategies of Slaves and Women cha mwaka 1993, ameonyesha jinsi masimulizi ya wanawake waliopitia utumwa katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika yalivyochujwa na wamisionari walioyaandika, na jinsi hata baada ya kuchujwa yanavyobaki na hesabu za mtu anayetafuta usalama, ndugu na mahali pa kukaa. Somo hilo linatufaa. Tawasifu ya Atiman nayo ilitoka ndani ya mazingira ya misheni, na tusitarajie humo malalamiko dhidi ya waliomlea. Lakini tukiisoma kwa kufuata nani anatenda katika kila kipindi, tunaona zaidi ya shukrani.

4.0 Vipimo Vitatu vya Ukuu

Nafasi ya tawasifu hii katika fasihi ya eneo letu itaonekana vizuri ikiwekwa kando ya nyingine tatu.

Ya kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za awali kabisa za Kiswahili, na sehemu kubwa ya mandhari yake ni nchi zinazolizunguka Ziwa Tanganyika. Humo ukuu huhesabika: pembe, bunduki, wapagazi, machifu walioshindwa, madeni yaliyolipwa. Msimulizi hajisifu kwa maneno mengi. Idadi inamsifia. Kwa kipimo hicho mtoto aliyevushwa jangwani na maelfu waliovushwa Manyema si watu wenye habari, ni sehemu ya hesabu. Atiman na Tippu Tip waliishi wakati mmoja, na kwa muda waliishi kando ya njia zilezile za misafara. Ukiwasoma kwa kufuatana, unasikia upande wa pili wa daftari ukianza kusema.

Ya pili ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934. Mbotela, mzaliwa wa jamii ya waliokombolewa na kuwekwa Frere Town karibu na Mombasa, anasimulia habari za kizazi cha wazazi wake. Wahakiki wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwatukuza mno Waingereza na kuwatwika Waarabu lawama yote. Lawama hiyo ina msingi, lakini kitabu kinaonyesha tatizo ambalo hata Karema lilikuwapo: aliyekombolewa ana deni lisilolipika. Kila neno lake la shukrani humrudisha chini ya mkombozi, na hivyo ukombozi unaweza kugeuka umiliki wa aina nyingine, wenye upole zaidi. Kwa Mbotela unyenyekevu wa waliokombolewa una mlengwa anayeonekana, naye ni mkombozi wa kibinadamu.

Ya tatu ni maandishi ya Shaaban Robert, ambaye Maisha Yangu yake ilitoka mwaka 1949, miaka michache tu baada ya tawasifu ya Atiman. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa baada ya kifo chake, tunakutana na mtu anayeacha kazi ya mjini na kushika jembe. Utubora ni mfano safi wa kujishusha: ana elimu, ana kazi, ana mahali pa juu, anashuka kwa hiari na kupata utu mkubwa zaidi huko aliposhukia. Lakini ni usafi huohuo unaoifanya riwaya hiyo iwe na mipaka. Mwandishi hamwulizi aliyezaliwa na jembe mkononi, ambaye hakuwahi kuwa na cha kuacha, unyenyekevu wake unaanzia wapi.

Atiman anasimama pale ambapo wote watatu hawafiki. Hana hesabu za Tippu Tip. Ana deni la ukombozi kama watu wa Mbotela. Ana hiari ya Utubora, lakini ni hiari iliyopatikana kwa kuchelewa, baada ya maisha yake kuamuliwa na wengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo masimulizi yake yanatulazimisha kuuliza swali ambalo hao wengine wanaweza kulikwepa.

5.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba hiari hiyo haikuwapo kamwe. Alisomeshwa kwa mpango wa Lavigerie, akapelekwa alikopelekwa, akapewa kazi ambayo haikumfanya padri wala mkuu wa misheni. Lavigerie alisisitiza kwamba vijana hao wasifanywe Wazungu kwa chakula na mavazi, bali wabaki karibu na watu watakaowahudumia. Agizo hilo linaweza kusomwa kama heshima kwa Uafrika wao. Linaweza pia kusomwa kama njia ya kuhakikisha kwamba elimu yao haiwapandishi kufikia meza ya wamisionari. Mpinzani atasema: mnachokiita unyenyekevu ni nafasi aliyotengewa Mwafrika katika Kanisa la kikoloni, na kumsifu kwa kuikubali ni kuisifu nafasi hiyo. Friedrich Nietzsche alikwisha kudai kwamba fadhila hii ya Wakristo ni dhana ya wanyonge, wanaouita unyonge wao wema kwa sababu hawana njia nyingine.

Pingamizi hili haliwezi kufukuzwa kwa methali mbili. Ni kweli kwamba mipaka ilikuwapo, na kwamba mingi haikuwekwa na Atiman. Ni kweli pia kwamba mwanawe Joseph alipata upadri, cheo ambacho baba hakuwa nacho. Tunayo haki ya kuona humo kukua kwa Kanisa la wenyeji na, wakati huohuo, ushahidi wa mahali ambapo kizazi cha kwanza kilisimamishwa. Uhakiki unaokataa kuyaona haya huishia kuwa mahubiri.

Lakini pingamizi lina kasoro moja kubwa. Linadhani kwamba palipo na mipaka hapana hiari, na hivyo linamnyima aliyetekwa kitu cha mwisho ambacho hata watekaji hawakukimaliza. Chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896. Mpango uliomtuma Atiman ulikoma angali kijana, na watu wa kizazi chake hawakufuatwa na wengine. Yeye alibaki na ujuzi wake katika nchi ambayo waganga wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabika, na akaendelea kwa miaka 60 baada ya hapo. Mtu anaweza kutumwa mahali kwa amri. Kukaa miaka 60 ni jambo ambalo amri peke yake hailielezi. Hatudai kwamba tumeiona hiari yake ikiwa uchi, bila sababu nyingine za kibinadamu, zikiwamo familia, mazoea na umri. Tunadai jambo dogo zaidi ambalo linatosha: kwamba katika kipindi cha tatu cha maisha yake kiambishi -ji- kina kazi, na kwamba msomaji anayekifuta humrudisha Atiman sokoni.

Aidha, pingamizi halikuzingatia mlengwa. Tuliona kwamba kunyenyekea kunadai mbele ya nani. Wasifu wa kimisheni huelekea kumweka Atiman mbele ya wakubwa wake, akiwa mtiifu na mwenye shukrani. Kazi yake inamweka mbele ya wengine kabisa. Mganga humwinamia mgonjwa, na katika Karema ya miaka ile mgonjwa alikuwa mvuvi, mkulima, mtoto, mwanamke wa Kibende au wa Kifipa asiye na cheo chochote. Kiswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuna kuinama mbele ya mwenye nguvu, ambako hutafuta kibali, na kuna kuinama juu ya aliyelala chini, ambako hakumpi anayeinama faida yoyote. Mkao wa mwili ni uleule, na maana imegeuka. Nietzsche aliuona mkao akasahau kuuliza unaelekea kwa nani.

6.0 Mkubwa ni Jalala

Mapokeo ya Kikristo ya Magharibi yameueleza unyenyekevu kwa taswira ya ngazi. Sura ya 7 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inataja daraja 12 za ngazi ambayo mtu huipanda kwa kujishusha na kuishuka kwa kujikweza. Msomaji wa Kiswahili anayo ngazi yake tayari: mpanda ngazi hushuka. Ngazi hizi mbili si moja. Ya Benedikto ina siri ndani yake, kwa kuwa anayeshuka ndiye anayepanda, na hivyo mwishoni bado iko tuzo ya kimo. Methali yetu haina siri. Haiahidi kwamba anayeshuka atapandishwa. Inasema tu kwamba hakuna anayebaki juu. Ina hekima ya watu walioona wakubwa wengi wakipita, na mwambao wa Karema umeona wengi: wenye misafara, maafisa wa Kibelgiji, Wajerumani, Waingereza.

Methali nyingine inatufikisha karibu zaidi na Injili kuliko ngazi zote mbili: mkubwa ni jalala. Jalala ni mahali ambapo kila mtu hutupa alichoshindwa kukaa nacho. Kwa methali hii, ukubwa haupimwi kwa urefu bali kwa uwezo wa kupokea: lawama, shida, uchafu, habari mbaya. Inatumika kwa mzee wa ukoo na kwa kiongozi, na haimtaki awe mnyonge. Jalala haliko chini kwa sababu limeshindwa. Liko chini ili nyumba iwe safi. Hii ni tafsiri ya Kiswahili ya mafundisho ya Marko 10 ambayo haikuhitaji mtafsiri, na ina faida moja juu ya neno mtumwa: inaacha kumtaja mwenye kumtuma. Mkubwa wa methali hakutumwa na bwana. Wanaomjia ndio wanaompa ukubwa wake, na wanampa kwa kumjia na mizigo yao.

Hapa kuna jambo zito kwa Kanisa na kwa utawala katika eneo letu leo. Msamiati wetu wa vyeo umejaa neno mkuu. Katavi, tangu ilipotengwa na Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, ina Mkuu wa Mkoa, Wakuu wa Wilaya na Mganga Mkuu. Jimbo Katoliki la Mpanda, lililoundwa mwaka 2000, lina ngazi zake. Hakuna ubaya katika vyeo hivyo. Ubaya huingia pale unyenyekevu unapohubiriwa kwa walio chini peke yao, yaani kwa muumini, kwa mke, kwa kibarua, kwa katekista wa kigango anayeongoza ibada ya Jumapili ambapo padri hafiki na ambaye posho yake, ikiwapo, ni ndogo. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajishushe ni kosa la sarufi kabla halijawa kosa la maadili. Amekwisha kushushwa. Anayestahili kuambiwa ajishushe ni mwenye mahali pa kushukia. Na mfano wa Atiman, ukitumiwa vibaya, unaweza kuwa fimbo ya kuwanyamazishia makatekista: tazameni, yule hakulalamika. Ukisomwa vizuri unasema kinyume chake: mtu huyo alipewa elimu bora kuliko zote zilizokuwapo, akakabidhiwa wagonjwa, na mwisho akapewa nafasi ya kuyaandika maisha yake kwa nafsi ya kwanza. Bila mambo hayo tungekuwa na mtu aliyeshushwa tu, na tungemwita mnyenyekevu kwa kutojua.

7.0 Hitimisho

Jina la Atiman halikupotea. Liko kwenye hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga na kwenye nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam. Katika uhakiki wa fasihi yetu, hata hivyo, nafasi yake haijalingana na ya Tippu Tip wala ya Mbotela, na tawasifu yake bado husomwa zaidi na wanahistoria wa misheni kuliko na wanafunzi wa fasihi. Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hasara ni ya fasihi. Matini hii inatoa kitu ambacho tawasifu nyingine za eneo letu hazikitoi kwa ukamilifu: safari ya mtu mmoja kupitia maumbo yote ya mzizi -tum-, kutoka kutumwa, kupitia kutumika, hadi kutumikia.

Hoja yetu kuu imekuwa kwamba unyenyekevu ni neno lenye mtendaji na mlengwa, na kwamba sifa isiyowataja wote wawili ni sifa tupu. Kwa kipimo hicho Atiman alikuwa mkuu. Ukuu huo hautokani na kuwekwa chini. Unatokana na kwamba, baada ya kuwekwa chini na wengine, alipata kusimama, na aliposimama akachagua kumwinamia aliyelala. Somo hili linamdai zaidi anayehubiri kuliko anayehubiriwa. Kabla ya kumtaka msikilizaji ajishushe, mhubiri hana budi kuuliza ni nani aliyemshusha, na kama amekwisha kumsaidia kuinuka.